Theluji si barafu

Msomaji wa Chumbageni, Tanga, ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mpwa wangu ameajiriwa hotelini huko Austria, kwenye kijiji cha milimani ambako watu huenda kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Kila asubuhi hututumia taarifa ya mlima, imefasiriwa na programu ya simu. Ya juzi ilisema: 'Barafu mpya sentimita 25. Barafu chini 40, juu 120. Barafu ya poda. Mchana jua, usiku kutakuwa na uwepo wa barafu.' Dada yangu hapati usingizi, anadhani mwanawe anatembea juu ya mabonge. Barafu ya poda ndiyo ile iliyosagwa? Na hizo 40 na 120 ni nyuzi za nini?"

Marahaba, mwanangu. Mpe dada pole, alale. Hizo si nyuzi. Ni kina cha theluji kwa sentimita: 40 kule chini kijijini, 120 kule juu wanakoanzia kuteleza. Na 25 ni theluji iliyoanguka karibuni, aghalabu tangu jana yake. Hakuna bonge hapo. Aliyeleta mabonge ni mfasiri, na kosa lake nimelisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi mpaka wino umeniishia. Sasa naliona limehamia simuni, na watu wazima wanalimeza.

Barafu mtoto wa Ngamiani anaijua kabla hajajua kusoma. Ni ile ya ukwaju au ya ubuyu, anang'ata ncha ya kifuko na kufyonza mpaka vidole vinanata. Nenda Sahare mashua zinapoingia, utawakuta wachuuzi wanaponda bonge la barafu na kulitandika juu ya changu na vibua. Ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Ukiipiga inapasuka, ikikuangukia mguuni utachechemea. Theluji haikupitia kwenye ndoo wala kwenye friji. Mvuke huganda huko huko mawinguni ukawa vipande vyepesi vyenye pembe 6, vikashuka taratibu kama sufi iliyopasuka mtini. Ukiifumbata inabonyea. Mwambie mchuuzi wa Sahare atie theluji kwenye boksi lake la samaki, atakutazama kama mgeni. Yeye hakosei hata siku moja. Tunaokosea ni sisi tulioshika kalamu, na tunakosea upande mmoja tu: theluji tunaiita barafu, barafu hatuiiti theluji.

Najua atakayenijia na asili ya maneno. Ni kweli, barafu inatokana na barf ya Kiajemi, na kwa Waajemi barf ni theluji hasa. Wahindi wanaposema baraf huwa na maana zote mbili. Theluji nayo ni thalj ya Kiarabu, na Mwarabu huitumia hata kwa kidonge cha barafu kwenye glasi. Lakini Kiswahili kilipoyapokea maneno hayo kiliyagawia kazi, hili gumu, lile laini. Huo ni utajiri wetu, na unaniuma ukitupwa kwa uvivu.

Tena sisi ni watu wa pwani. Mvuvi wa Kigombe hachanganyi bamvua na maji mafu, wala kusi na kaskazi, maana akichanganya hatarudi na samaki, pengine hatarudi kabisa. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, mwongoza njia wake, mtu wa pwani, aliuita baridi. Hakuwa na neno la kitu kile, akataja alichokuwa na hakika nacho. Namheshimu mtu yule kuliko mfasiri mwenye maneno mawili mkononi anayeokota lisilofaa.

Na huko milimani, kama baharini, neno baya linavunja mguu. Hebu tuisome taarifa ya mpwa wako ilivyostahili kusomwa. Kadiri unavyopanda, baridi huzidi, kiasi cha nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana wingu moja linaweza kuwanyeshea mvua watu wa kijijini na kuwaangushia theluji walio kileleni, na ndiyo maana taarifa hutoa vina viwili. Milimita moja ya mvua ni kama sentimita moja ya theluji, na theluji kavu huumuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo sentimita 25 ni mvua moja nzuri ya masika hapo kwenu, imelala chini bila kutiririka.

"Poda" ni theluji ya unga: mpya, kavu, nyepesi. Wenye skii huisafiria mbali. Ila ikirundikwa na upepo kwenye mteremko mkali, huweza kuporomoka na kufukia watu, na nchi za Ulaya hutangaza hatari hiyo kwa daraja, kuanzia 1 hadi 5. Ikipitiwa na mashine inakuwa theluji iliyoshindiliwa. Ikilowa ni theluji chepechepe. Ikiyeyuka na kuganda mara nyingi inakuwa punjepunje, na mimi ningeiita theluji ya chenga, maana kila aliyepepeta mchele ataielewa.

Halafu lije jua la mchana liyeyushe uso wa mteremko, na usiku ule unyevu ugande. Alfajiri pale pana barafu. Barafu kweli, ngumu, yenye kung'aa, skii haishiki. Hilo ndilo onyo pekee katika taarifa nzima, na limekufa, kwa sababu neno lake lilikwisha kutumika mara 3 kwa vitu visivyo hatari. Dada yako amekosa usingizi kwa sentimita 25 za sufi, na hakuna aliyemwambia mtoto aangalie anapokanyaga asubuhi.

Na huo "uwepo wa barafu" uondoke. Mvua hunyesha, upepo huvuma, maji huganda. Kila kimoja kina kitenzi chake, hakihitaji uwepo wa kukishika mkono. Theluji huanguka. Anayesema inanyesha sigombani naye, nimegombana vya kutosha kwa leo.

Mwandikie mpwa wako hivi, umsomee na mama yake: "Tangu jana imeanguka theluji ya unga, sentimita 25. Kijijini ina kina cha sentimita 40, kileleni 120. Mchana jua litawaka, usiku theluji iliyoyeyuka itaganda. Kesho asubuhi njiani kutakuwa na barafu, vaa viatu vinavyoshika."