Faili lilikuwa na jina langu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: upasuaji mdogo, hospitali ya serikali au ya binafsi? Wengi watataja foleni na dawa. Mimi kilichonikaa moyoni ni namna nilivyoitwa.

Nilikuwa na busha. Nalitaja waziwazi kwa sababu sisi wanaume wa pwani tunalizungukazunguka, tunasema "mshipa", tunavaa misuri mipana siku zinapita. Nililibeba miaka sita. Wazee walinikataza madafu, nikaacha, na bado likakua. Maana chanzo kikubwa huku pwani ni minyoo inayoenezwa na mbu, ile ile ya matende. Kilichonichelewesha ni hofu kwamba nikipasuliwa uanaume wangu umekwisha.

Mwaka 2019 nikaenda hospitali ya mkoa na kadi ya CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Sikutia kitu mdomoni tangu usiku. Saa moja asubuhi niko kwenye benchi. Saa nne tukasogezwa nyuma, ameletwa mama mjamzito wa dharura. Kwa hilo sina neno.

Saa saba nesi wa wodi akatokea na mafaili mkononi, akaita kwa sauti ya sokoni: "Wa mabusha, simameni huku!"

Tulikuwa watatu. Benchi la pili walikaa wanawake, mmoja wao jirani wa mama mkwe wangu. Alinitazama mara moja tu, kisha akainamia kapu lake, akaanza kupanga upya chupa ya chai na vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Alikuwa ananistahi, nami iliniuma kuliko angecheka. Mzee aliyekaa kando yangu hakusimama. Nesi alipoita tena, akasema, "Mimi nimemsindikiza mtu," akanyanyuka na kadi yake, akatoka. Asubuhi ile alikuwa amenieleza kwamba safari ya kuja pale ilimgharimu mbuzi mmoja. Hakurudi.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Sindano ya mgongo, miguu ikapata joto kisha ikawa kama si yangu, nikasikia vyuma vinagonga bakuli. Haukufika saa nzima.

Jioni mkojo ukagoma. Tumbo limejaa, hautoki, jasho linanitiririka. Akaja nesi yule yule, mkoba begani, zamu yake imekwisha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, bado?" Akaweka mkoba chini, akafungua bomba la sinki kidogo, maji yakawa yanachuruzika, akaniwekea kitambaa cha maji moto chini ya kitovu, akanipa mgongo akitazama dirishani. "Taratibu, baba, hakuna anayekukimbiza." Ilichukua karibu nusu saa. Chupa ya mkojo akaimwaga mwenyewe.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wenye uwezo waende binafsi. Nimefika hapa siwezi tena. Ningerudi pale pale, ingawa hospitali ya binafsi sijawahi kulazwa, kwa hiyo kipimo changu ni cha upande mmoja. Na nesi mwenye wodi nzima mikononi simhukumu kwa neno moja la mchana. Lakini mafaili aliyoshika yalikuwa na majina juu, yameandikwa kwa kalamu nzito. Yule mzee angeitwa kwa jina lake siku ile, nadhani angesimama.