Usikataze mpira, upangie ratiba

Ndugu, umeuliza ufanyeje maana msimu wa Kombe la Dunia akili za watu wako haziko kazini na hutaki kuonekana bosi mnoko. Usikataze, ukikataza wataangalia simu chini ya meza sauti wamezima, we unaona mtu katulia kumbe kazi imesimama. Mechi za 2026 ni 104, Juni 11 hadi Julai 19, ratiba inajulikana mapema kabisa, kwa hiyo kaeni chini kila mtu aseme anataka mechi ipi, wabadilishane shifti, kazi za dedilaini zimalizwe kabla. Na tafadhali sana, wasiopenda mpira usiwabebeshe kazi za wenzao, hapo ndo morali inakufa kimyakimya, nao wapewe siku zao za kutoka mapema.