Mama haitambui sura yangu, lakini mkeka anasuka

Msomaji mmoja ameniandikia kuwa baba yake ameambiwa ana ugonjwa wa makula, kisha akaambiwa hakuna dawa, arudi tu nyumbani. Nilipoisoma meseji ile hasira zilinipanda upya. Mama yangu aliambiwa maneno hayohayo, na aliyemwambia hakuinua hata kichwa.

Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ndiyo tunayosomea na kutambulia sura za watu. Ikichakaa, katikati panaingia doa, pembeni panabaki pazima. Ndiyo maana mama alikuwa akipishana na wifi yake njiani bila kumsalimia, halafu kuku akinyemelea jikoni anamwona na kumfukuza. Ndugu wakasema anajifanya. Neno hilo bado linaniuma.

Lililotutesa zaidi ni wale watoto. Jioni, taa ikiwa hafifu, mama alikuwa akiona watoto wenye nguo nyekundu wamekaa kwenye jamvi, kimya, hawamtazami. Alificha muda mrefu akihofia kuitwa mwendawazimu. Aliposema, nyumba nzima ikawa habari ya mashetani, mganga akatajwa, hela zikaanza kuchangwa. Nilikataa. Mama alikuwa na akili timamu, deni la kila mtu dukani analo kichwani! Hali hii inajulikana tangu 1760, pale mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva alipoandika juu ya babu yake, ambaye macho yalimfifia akawa anaona watu na ndege wasiokuwepo. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujitungia zake. Mama alipoelezwa hivyo alilia, kisha akauliza kama yule mzee naye alisingiziwa. Siku hizi wakija anawasha taa, anapepesa macho na kuyazungusha kulia na kushoto, na mara nyingi wanaondoka. Jamani, muulizeni mzee wenu kwa upole kama kuna vitu anaviona. Hatasema mwenyewe.

La pili ni kazi. Mama ni msukaji wa mikeka tangu usichana wake, na wajukuu walimnyang'anya chane wakisema, "Pumzika, bibi." Alikonda. Kusuka ukili ni kazi ya vidole, macho yanasaidia tu! Nikamrudishia. Chane nyekundu tukaziweka kwenye kikapu chenye kitambaa kilichofungwa mpinini, za zambarau kwenye kisicho na kitu, naye anakaa mlangoni, mwanga ukitokea nyuma ya bega lake. Mwezi uliopita amemaliza mkeka wa harusi ya mjukuu wake, na safu zimenyooka. Naandika haya kwa fahari, sifichi. Msimpumzishe mzee mpaka akafa angali hai.

Mengine ni madogo ila yanabeba siku nzima. Chai ya rangi anywee kikombe cheupe, maziwa kikombe cheusi, ugali uwe kwenye sahani ya rangi. Ukingo wa ngazi upakwe rangi nyeupe. Noti za elfu kumi kunja mara mbili, za elfu tano mara moja, asidhulumiwe sokoni. Ukiingia, taja jina lako, usimwambie "nikisie mimi nani". Kama anavuta sigara aache, maana moshi unauharakisha ugonjwa huu. Vidonge vya vitamini na zinki vya fomula iliyofanyiwa utafiti husaidia kupunguza kasi kwa waliofikia hatua ya kati, kwa ushauri wa daktari. Havirudishi uoni, na anayekuuzia matone ya kuurudisha anakuibia.

Sasa wewe uliyeniandikia. Ulizia kama ugonjwa wa baba ni mkavu au wa majimaji. Mkavu huenda polepole. Wa majimaji ni vimishipa dhaifu vinavyoota chini ya retina na kuvuja, nao una sindano za jichoni, kama bevacizumab, zinazozuia uharibifu zikiwahi. Kesho asubuhi mwambie avae miwani yake ya kusomea, afumbe jicho moja, atazame mistari ya daftari la hesabu, kisha abadilishe jicho. Afanye hivyo mara kwa mara. Siku mistari itakapopinda ghafla, au doa likakua, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, hata kama nauli ni ya kukopa.