Saa ya kifahari iliyokwishatumika: ifunguliwe na kusafishwa, au isubiri?

SWALI: Assalaamu alaykum, Fundi. Nilinunua Dubai saa ya Omega Seamaster iliyokwishatumika, ile inayohimili maji hadi mita 300, yenye uso wa buluu na mashine ya kalibre 1120. Muuzaji alisema ilitengenezwa mwaka 2003 na kwamba imeshafanyiwa sevisi, ingawa hakunipa karatasi yoyote. Inakwenda vizuri, isipokuwa inatangulia sekunde 20 hivi kwa siku, na nikiivua Ijumaa usiku naikuta imesimama Jumamosi jioni. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni ya kukaa zaidi, na siku za mapumziko napenda kuogelea. Je, niipeleke sevisi sasa au nisubiri mpaka ioneshe hitilafu? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Kabla ya yote, nakuomba usiingie nayo baharini mpaka ipimwe presha. Ama mashine yenyewe, usingoje hitilafu, lakini pia usikimbilie kulipa mamia ya dola kabla hujafanya vipimo vichache ambavyo unaweza kuvifanya ukiwa nyumbani.

Nasema usingoje hitilafu kwa sababu saa ya mashine haisimami mara tu mafuta yake yanapokauka. Ndani yake mna vyuma vyembamba sana vinavyozunguka ndani ya vito vya rubi, kila kimoja kikiwa na tone dogo la mafuta, na mafuta hayo kwa miaka hukauka au huhama mahali pake. Saa inaweza kuendelea kwenda, hata kuonesha wakati sahihi, huku ncha za vyuma zikisagika na kuacha unga mweusi unaozidi kuzila. Ikifunguliwa mapema, kazi ni kuivunja yote, kuisafisha, kuitia mafuta mapya na kuirekebisha. Ikifunguliwa baada ya kusagika, kuna magurudumu ya kubadilisha, na Omega haimuuzii kila fundi vipuri vyake.

Sasa tuzitazame dalili zako. Kusimama Jumamosi jioni si lazima kuwe ugonjwa. Kalibre 1120 ikijaa ufunguo hukaa saa 44 hivi, lakini hujazwa na uzani unaozunguka mkono unapotembea, na mtu anayekaa darasani au mezani muda mrefu huenda asiijaze kabisa. Kwa hiyo legeza kitufe cha pembeni, uitie ufunguo kwa mkono mizunguko kama 40 kuelekea mbele, ukikaze tena, kisha uilaze bila kuivaa na uandike saa uliyoanza na saa iliyosimama. Usiogope kuizidisha, kwa kuwa springi ya saa ya otomatiki huteleza ikishajaa. Ikikaa saa 40 au zaidi, tatizo ni uvaaji wako tu. Ikisimama baada ya saa 30, mashine inapoteza nguvu mahali fulani, na mafuta makavu ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hizo sekunde 20 zinahitaji uangalifu zaidi. Saa hii ilitoka kiwandani na cheti cha kronomita, maana yake wastani wake kwa siku ulitakiwa uwe kati ya kuchelewa sekunde 4 na kutangulia sekunde 6, kwa hiyo yako imetoka nje ya mpaka. Hata hivyo, kutangulia mara nyingi huletwa na sumaku, wala si uchakavu: springi nyembamba inayoongoza mapigo ya saa ikishika sumaku, mizunguko yake hugandana, inakuwa kama imefupishwa, na saa inakwenda mbio. Sumaku ziko kila mahali siku hizi, katika spika, katika makava ya simu na katika vifungo vya mikoba. Ikiwa nyumbani mna dira ya kutafutia kibla, ipitishe saa taratibu karibu nayo. Mshale ukitikisika kwa nguvu, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku. Ni kazi ya dakika chache na saa haifunguliwi. Nasikitika kila ninaposikia mtu ametozwa sevisi kamili kwa jambo hili.

Ikiwa haina sumaku, ipime kwa mikao. Usiku mmoja ilaze uso juu, usiku wa pili isimamishe kitufe kikiwa chini, na kila asubuhi ilinganishe na saa ya simu iliyounganishwa na mtandao. Saa inayotangulia kiasi kilekile katika mikao yote pengine inahitaji kurekebishwa tu. Saa inayotangulia ikiwa imelala na kuchelewa ikiwa imesimama, kwa tofauti kubwa, inakuambia kwamba gurudumu lake linaloyumba huku na huku kuleta mapigo limechoka.

Uamuzi wa mwisho juu ya mashine uache kwa kipimo cha fundi, ambacho husikiliza mlio wa saa na kuonesha gurudumu hilo linayumba digrii ngapi. Saa yenye afya, iliyojaa ufunguo na kulazwa, hutoa digrii 270 hadi 310. Mimi nikiona chini ya 220 katika hali hiyo sisubiri, hata kama wakati wake ni sahihi. Omega yenyewe hushauri sevisi kila baada ya miaka 5 hadi 8, nawe una saa ya zaidi ya miaka 20 isiyo na risiti inayoonesha tarehe na vipuri vilivyobadilishwa. Neno la muuzaji huenda linahusu kung'arishwa kwa nje tu. Kwa hiyo vipimo vikiwa na shaka yoyote, ifungue. Vikiwa vizuri kabisa, mwombe fundi afungue mfuniko wa nyuma tu, atazame hali ya mafuta na kama skrubu zimechubuliwa na bisibisi mbovu, na hapo pia atakuhakikishia kuwa ni Omega kweli.

Suala la maji ni tofauti, na halihusiani na namna saa inavyokwenda. Zile mita 300 ni za mipira mipya ya kuzuia maji. Mpira hukakamaa kwa umri, kwa sabuni na kwa jasho, na hapa kwetu maji ya chumvi yakipenya hata kidogo hutia kutu mashine kwa muda mfupi sana. Badilisha mipira yote sasa, ule wa mfuniko, wa kitufe na wa ile valvu ya hiliamu iliyoko upande ambao mshale huelekea saa nne asubuhi, kisha saa ipimwe presha kwa mashine. Hiyo valvu usiilegeze kamwe. Iliwekwa kwa ajili ya wapiga mbizi wanaokaa ndani ya vyumba vya presha vyenye gesi ya hiliamu. Ukiona ukungu chini ya kioo wakati wowote, usisubiri vipimo vingine: ipeleke siku hiyohiyo.

Mafundi wetu wengi wa Darajani, mjini Zanzibar, ni hodari wa betri, mikanda na saa za kawaida, lakini kabla ya kumkabidhi yeyote saa hii muulize kama ana kipimo cha mlio na mashine ya presha, na vipuri vya Omega atavipata wapi. Asipokuwa na majibu, ni bora isubiri safari ya Dar es Salaam au ya Dubai, ukiwa unaivaa nchi kavu. Popote utakapoipeleka, andikisha kwenye karatasi ya kazi kwamba isisuguliwe wala kung'arishwa, kwa kuwa kingo za chuma zikishaliwa hazirudi na thamani ya saa hushuka, na kwamba vipuri vyote vya zamani urudishiwe mkononi pamoja na risiti.