Okidi ya Mbugani Ibaki Mbugani

Wiki hii msomaji wa Kasulu kaniandikia kwamba ameona okidi ya ardhini yenye maua ya zambarau kando ya shamba la baba yake, anauliza aichimbe vipi aipande kwenye chungu. Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wengine wasome. Usiichimbe.

Nasema kwa uchungu. Kwetu, upande wa Sikonge, okidi iitwayo Eulophia cucullata humea ukingoni mwa mbuga, palipo na nyasi na miyombo michache. Mvua za kwanza zikinyesha, ua hutangulia na majani hufuata. Kwa miaka mingi nimekwenda kuzitazama. Akaja muuza miche, mtu niliyekula naye sahani moja, akazing'oa karibu zote akaziuza mjini. Kwenye vyungu vya wateja wake zilitoa majani msimu mmoja, kisha ukabaki udongo mtupu. Mpaka leo tukikutana sokoni napita upande wa pili.

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa udongoni anayeilisha. Kwa hiyo ukiibeba okidi, udongo iliouzoea, wenye kuvu huyo, unabaki nyuma.

Nilichofanya mimi ni kwenda kwa mwenye shamba, tena na tena, mpaka akakubali ukanda ule usilimwe tumbaku. Warina asali nao wakakubali kuchoma nyasi mapema, Mei au Juni, wakati bado zina unyevu; moto wa Septemba ni mkali mno. Msimu uliopita okidi zilichanua tena, nami najivunia hilo waziwazi.

Ndugu zangu, tusipende ua kwa jembe! Nyanda za Juu Kusini viazi vya okidi vimechimbwa kwa magunia, vikavushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Kitulo, yenye okidi nyingi, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, lakini mbuga zetu za Tabora na Kigoma nyingi hazina askari wa kuzilinda. Ni sisi.

Basi zungumza na mzee kabla hajaanza kulima. Mwombe akuachie ukanda huo tu. Piga picha, usichume ua, acha vibumba vya mbegu vikauke na kupasuka vyenyewe, upepo utasambaza mbegu. Akikataa, rudi tena baada ya mavuno, akiwa ametulia.