SWALI: Naruhusiwa kumpa kaka yangu figo?

Swali: Asalam alaykum sheikh, kaka yangu figo zimefeli, anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki. Nataka nimpe figo yangu moja ila shangazi anasema mwili ni wa Allah, eti nitafufuliwa nimepungukiwa. Kuna mtu pia kasema anauza yake. Na je, akishapandikizwa atafunga Ramadhani?

Jibu: Wa alaykum salam dada yangu. Ya shangazi kwanza, mwambie kwa upole tu kwamba Yule atakaehuisha mifupa iliyooza, kama alivyosema kwenye Yasin, hashindwi na figo. Ila kauli ya shangazi kwamba mwili ni wa Allah ni ya kweli, ni amana kwetu, na ndio maana Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, ilipokaa Jeddah mwaka 1988 iliruhusu kutoa kiungo kwa masharti, mtoaji asiangamie wala asipate madhara makubwa, na iwe ni hiari. Kuuza ilikataza. Kwa hiyo huyo muuzaji achaneni nae kabisa, na wauzaji wengi ni watu wamebanwa na madeni, leo anapokea hela kesho anaumwa na hakuna anaemfuatilia.

Hapo kwenye hiari ndipo nataka ukae ufikirie, maana familia nyingi zinamkalia mtu kikao mpaka anasema ndio kwa aibu, na hiyo sio hiari hata kama atatabasamu. Ongea na daktari ukiwa peke yako, mwambie ukweli wa moyo wako, una haki ya kughairi hata siku ya operesheni na hakuna dhambi juu yako. Kama umeolewa, mshirikishe mumeo. Watakupima kundi la damu, tishu, presha, sukari na hali ya figo zako zote mbili, wakikuta presha au sukari inatishia hiyo figo utakayobaki nayo wakakukatalia, basi kubali, Mtume (s.a.w) amesema hakuna kudhuru wala kudhuruana. Ukiwa mzima figo moja inatosha, inaongeza kazi yenyewe, ila utatakiwa kupimwa kila mara maisha yako yote.

Kaka nae ajue kupandikizwa sio kupona moja kwa moja, kwa kawaida zile za zamani zinaachwa humohumo na mpya inawekwa sehemu ya chini ya tumbo, halafu kila siku anameza dawa za kuzuia mwili usiikatae, na saa zake hazichezewi. Akiziacha kwa sababu anajiona mzima, au akanywa mitishamba bila kumwambia daktari, anaweza kuipoteza figo uliyompa.

Kuhusu funga, daktari wake ndio aseme. Wapo wanaoruhusiwa figo ikishatulia na dozi ikapangwa daku na futari, akikatazwa asifunge, Allah kamruhusu mgonjwa (Qur'an 2:185). Kama ni katazo la kudumu, alishe maskini mmoja kwa kila siku.

Allah amponye na akulipe kheri kwa nia yako. Wallahu aalam.