Ombi la ushahidi kurudishwa na nchi nyingine: anzia hapa

Unasema nchi zote mbili zimesaini Itifaki ya Palermo ya 2000 (ya Umoja wa Mataifa, dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu), lakini ombi lenu la ushahidi limerudishwa. Kusaini tu hakutoshi; hakikisha zote mbili zimeridhia, yaani zimekubali rasmi kufungwa nayo. Kisha tazama mlipolipeleka. Ibara ya 18 ya mkataba mama wa itifaki hiyo (Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka) inataka kila nchi iteue mamlaka kuu ya kupokea maombi. Barua ya polisi kwa polisi inafaa kudokezana, ila ushahidi wa mahakamani ni habari nyingine.

Ndani ya ombi, msiandike "usafirishaji haramu wa binadamu" mkaishia hapo. Elezeni kitendo (nani alimsafirisha nani), njia (vitisho, ulaghai) na lengo (unyonyaji), ili wao walinganishe na sheria yao. Mwathirika akiwa mtoto, njia haihitajiki. "Tupeni taarifa zote za benki" hurudi karibu kila mara: tajeni akaunti, tarehe na sababu, kwa lugha wanayoikubali.

Kumbukumbu za simu hufutwa mapema, kwa hiyo ombeni kwanza zihifadhiwe. Na mwathirika asirudishwe kwao haraka haraka. Ibara ya 8 ya itifaki inataka usalama wake uzingatiwe, na ikiwezekana arudi kwa hiari.